Shikamoo ya Kwanza

Mimi barafu ndiyo iliyonitoa. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani ninayoyaandika hapa ni ya mtu wa kujililia. Niliishia darasa la tano. Nikaanza na deli moja la kuazima, sanduku la kubebea barafu, nalifunga nyuma ya baiskeli mpaka Mlingotini kuwauzia wavuvi barafu ya kuhifadhia samaki, na nikifika nusu imeshakuwa maji inanichuruzikia miguuni. Leo nina majokofu kumi na manne nyuma ya nyumba yangu hapa Dunda, na geti la chuma ambalo fundi aliyelitengeneza alirudi na mkewe kuja kulipiga picha. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba yangu, kelele zangu, na watoto wanne waliozaliwa humo wote walijifunza kulala majokofu yakinguruma.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukinunua. Binti yangu wa mwisho, tangu ulimi wake ulipoanza kutamka, alikuwa akiamka tu, hajanawa uso, hajasema na mtu, anakuja mlangoni kwangu. Anagonga mara mbili kwa ukucha. "Baba, shikamoo." Nami kitandani naitikia, "Marahaba, mwanangu," ndipo nanyanyuka. Watoto wengine waliniamkia popote walipokutana nami, wengine mswaki ukiwa mdomoni. Ya huyu ilikuwa ya kwanza kabisa ya siku, haijapita kwa mtu mwingine, hata kwa mama yake. Mke wangu alizoea kunicheka. "Mwanamume wewe, shikamoo unaionea choyo kama mtoto na embe."

Acha nione choyo. Mwaka ule binti yangu alipokuwa kidato cha nne, karibu niipoteze.

Ilianza na karatasi. Shule yao ni ya kutwa, na mwalimu wa taaluma aliwapa watahiniwa wote ratiba ya nyumbani, imechapwa vizuri, ikabandikwe ukutani. Binti yangu akaniletea niione. Jioni hiyo, baada ya Magharibi, wanaume wa mtaani walikuwa wamekaa barazani kwangu kama kawaida, nami nikatoka nayo niwasomee. Kusoma najua. Ningekosaje kuitoa?

"Sikilizeni shule inavyofundisha," nikasema. "Kulala, nane na nusu. Kuamka, nne na nusu. Mnaona? Mtoto anakaa na kitabu mpaka saa nane na nusu ya usiku! Ila hapa pa kuamka saa nne na nusu mwalimu amewadekeza. Hapo napakata."

"Saa nne asubuhi, na shule inaanza saa moja na nusu, tajiri?" akauliza mmoja.

"Ndiyo maana nimepakata."

Sasa, kulikuwa na mtu anapita. Mimi na mtu huyo tumeoa ndugu wa tumbo moja, yeye kaoa dada mkubwa mimi nikaoa mdogo, kwa hiyo tunaitana mwanyumba. Kazi yake ni muadhini wa msikiti wetu wa mtaa, mtu wa kanzu mbili, moja mwilini na moja kambani. Alikuwa anakwenda kuadhini Isha. Akasimama, akaitazama karatasi juu ya bega langu, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekutoa uzi kwenye shati:

"Mwanyumba, hiyo ni saa ya Kizungu. Ni saa mbili na nusu usiku, na kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Mwalimu anataka walale mapema."

Sauti ilikuwa ndogo lakini baraza zima lilisikia. Hapo tena! "Tajiri, ungemwamsha saa nne na nusu, angekuta wenzake wanakunywa uji wa mapumziko!" Mwingine akasema nikatwe mimi, siyo ratiba. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Kama ningecheka nao, yasingekuwa yote yaliyofuata. Lakini mimi kucheka kwa kuwa nimekosea sijapata kufundishwa. Nikaikunja karatasi. "Nyumbani kwangu," nikasema, "hatufuati saa ya Kizungu. Nane na nusu ni nane na nusu."

Na ikawa hivyo. Usiku tisa mfululizo nilikaa sebuleni na binti yangu, yeye na madaftari, mimi na chupa ya kahawa yenye tangawizi, nikihakikisha halali kabla ya saa nane na nusu. Siku ya kwanza alijaribu kuniambia.

"Baba, lakini baba mkubwa kasema kweli. Ratiba ndivyo ilivyo."

"Baba mkubwa anauza barafu?"

"Hapana."

"Basi soma."

Akasoma. Kichwa kikidondoka namletea maji ya barafu anawe. Saa kumi na moja adhana ikilia anaamka nasi sote, anagonga kwa ukucha, "Baba, shikamoo," na sauti yenyewe inatoka kama ya mtu aliye chini ya godoro. Mimi naitikia kwa furaha. Barazani nilijisifu kwamba katika Bagamoyo hii hakuna mtoto anayekesha na vitabu kama wangu, na hilo halikuwa uongo.

Siku ya kumi walikuwa na moko, mtihani wa majaribio, wa Baiolojia. Mwanangu aliandika jina, akajibu maswali mawili, akalala juu ya karatasi mpaka kengele. Mate yakalifuta jina lenyewe. Mwalimu hakunipigia mimi, alimpigia mama yake. Alimwambia mtoto huyu ana akili, na mtihani wa mwisho umebaki miezi miwili, na kama ataulalia na huo pia, basi.

Mke wangu akikasirika hapigi kelele, hukunja nguo. Nilimkuta anakunja sare za binti, kanga mbili, mto wa kulalia.

"Anakwenda wapi?"

"Kulala kwa dada."

"Kwa dada yako kuna nini ambacho hapa hakipo?"

"Kuna kulala," akasema.

Kwa dada yake ndiyo kwa mwanyumba. Nyumba iko uchochoro wa pili kutoka kwangu, ya bati lililopauka, vyumba vitatu, na watu wawili tu ndani yake. Mungu hakuwajaalia mtoto. Isha ikishasaliwa, wale wanakula walichonacho, wanazima taa, na hakuna mtu anayebisha hodi kwa sababu hakuna wanachouza. Nilijiambia ni siku tatu nne, atarudi. Mtoto aliyezoea feni la dari na televisheni ya ukuta mzima atakaa wapi kule?

Alfajiri ya kwanza nikaamka kabla ya wakati, nikasubiri ukucha mlangoni. Kikaja kitu kingine. Ikaja adhana.

Sauti ya mwanyumba nimeisikia miaka mingi na sikuwahi kuifikiria, sawa na mtu asivyofikiria jogoo wa jirani. Siku ile niliisikiliza neno kwa neno. Nikawaza: huyu ili afike msikitini ametoka nyumbani kwake. Ili atoke amepita ukumbini. Na ukumbini, saa hiyo, binti yangu ameshaamka kwa ratiba, yuko na kitabu, na mtoto niliyemlea mimi hawezi kumwona mkubwa akapita asimwamkie. Kwa hiyo shikamoo yangu imeshaitikiwa. Mtu ameitikia, amevaa viatu, ameondoka nayo. Alipofika pale panaposema swala ni bora kuliko usingizi, wallahi niliona ananisema mimi.

Binti alikuja kwangu kunywa chai saa kumi na mbili.

"Baba, shikamoo."

"Hii ya ngapi?"

"Ya ngapi nini, baba?"

"Leo umeshawaamkia wangapi kabla yangu?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Baba mkubwa. Mama mkubwa. Na yule bibi wa maandazi hapo kona."

Wa nne. Nimetoka kwenye deli la kuazima mpaka majokofu kumi na manne, halafu nakuwa wa nne, nyuma ya maandazi.

Wiki ile ya kwanza nilipata faraja moja, na naisema japo si ya kujivunia. Shemeji yangu, huyo mama mkubwa, alikuja kwetu akasema mtoto halali. Taa inazimwa saa mbili na nusu, yeye macho yako darini mpaka saa sita. Ukimya unamsumbua. Amezoea majokofu. "Anasema kwetu kunazizima kama kisimani," shemeji akasema, na mimi nikageuka upande nisionekane ninavyofurahi. Mnasikia? Ngurumo ya majokofu yangu ndiyo iliyokuwa bembelezi yake.

Kesho yake nikanunua godoro la inchi nane, la kwanza dukani, nikalipakia kwenye guta la mizigo mpaka kwa mwanyumba, ili hata akilala kule awe amelala juu ya kitu changu. Likakaa siku mbili limesimamishwa ukutani. Binti alisema joto. Akarudi kwenye kitanda cha kamba cha mama mkubwa wake.

Na polepole, kwenye kitanda hicho cha kamba, usingizi ukamjia. Haikuwa rahisi, hilo alinisimulia mwenyewe baadaye. Simu ilikuwa inamvuta, kuna kundi lao la watahiniwa linaanza kuchangamka saa tatu, na mama mkubwa akawa anaichukua simu baada ya Isha anaizika ndani ya debe la mchele. Usiku mmoja mtoto akainuka kwenda kuifukua, mchele ukamwagika, nyumba nzima ikaamka. Hawakumgombeza. Mwanyumba alikaa naye wakaokota mchele kwa tochi, akamwambia macho yakikataa asigombane nayo. Alale chali gizani, achague somo moja tu la siku ile, ajisomeshe taratibu bila sauti, tangu mwanzo. Akasema yeye ndivyo alivyohifadhi sura za Kurani utotoni. Binti akajaribu mzunguko wa damu. Alisema hakuwahi kufika kwenye mapafu.

Hayo yote nilipaswa kuyashukuru. Mimi kila nilichosikia kilinichoma. Sasa pale mezani kwangu ikawa "baba mkubwa anasema" asubuhi, "baba mkubwa anasema" jioni. Akaanza kuongea kwa sauti ndogo kama wao. Akaanza kukunja kanga pembe kwa pembe kama shemeji. Moko ya pili akapata alama zilizomfanya mwalimu ampigie mama yake tena, safari hii kwa kucheka, na mke wangu kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka sahani ya wali wa nazi uchochoro wa pili. Wali uliopikwa jikoni kwangu! Nikakaa na wivu wangu sebuleni, mimi na televisheni.

Nikaamua mtoto arudi. Kama anataka nyumba inayolala, nitamtengenezea nyumba inayolala. Mimi nimetengeneza barafu mahali ambapo hata maji ya bomba yalikuwa hayafiki. Nitashindwa kutengeneza ukimya?

Nikatangaza: geti linafungwa saa mbili. Anayetaka barafu aje mchana. Baraza livunjike baada ya Isha. Televisheni izimwe. Binti akanitazama, akasema, "Nitajaribu, baba. Siku tatu tuone." Akarudi na mto wake kwapani, nami nikamfungulia geti lote, pande mbili, kama linavyofunguliwa kwa lori.

Usiku wa kwanza wavuvi hawakuamini. Nimelala kitandani naisikia sauti nje.

"Tajiri! Oyaa, tajiri! Barafu!"

Mke wangu akawajibu dirishani kwa mnong'ono. "Tajiri amelala."

"Amelala? Saa tatu hii? Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala."

"Shemeji, tuambie ukweli tu, tukaite watu?"

Sikuwa nimelala, bila shaka. Miaka thelathini mwili wangu haujawahi kuiona saa tatu ukiwa umelazwa. Niligeuka kulia, kushoto. Mke wangu aliporudi kitandani akavuta shuka na kabla sijamaliza sentensi yangu akawa anakoroma, nikamwonea wivu na yeye. Nikamgusa. "Unafanyaje?" Akasema bila kufungua macho, "Baba watoto, usingizi hauagizwi kama barafu. Nyamaza utauona."

Lakini alfajiri! Kucha mbili mlangoni. "Baba, shikamoo." Niliitikia kwa nguvu mpaka mke wangu akaruka. Nilijua mwanyumba saa hiyo anapita kwenye ukumbi mtupu anatafuta viatu peke yake, na adhana yake siku hiyo niliisikia tamu kupita kiasi. Alfajiri ya pili vilevile. Nilikwenda barazani mchana nikawaambia watu kwamba hata kulala mapema ni kazi, na nikiishika kazi mimi mnajua.

Usiku wa tatu akaja mtu mgeni na pikapu ya samaki, anakwenda nayo Msata, barafu imemwishia njiani. Samaki wangeharibika. Nikasema nitamfungulia kimyakimya, dakika tano, aende. Nikamfungulia kimyakimya kweli. Akaingia uani, akawasha tochi ya simu, akaizungusha kwenye majokofu moja baada ya jingine, akasema, "Mzee wangu, haya yote ni ya mtu mmoja?"

Niambieni mngefanya nini. Mtu hajui chochote kuhusu mimi, amesimama uani kwangu, ameuliza mwenyewe. Nikamwambia ni ya mtu mmoja, na mtu huyo alianza na deli la kuazima. Akasema, "Acha!" Akishasema acha, ndiyo huwezi kuacha. Nikamtoa Dunda kwa baiskeli, nikampitisha kwenye mchanga, nikamfikisha pale mnyororo ulipokatika na deli likaanguka na mimi nikalikumbatia barabarani barafu ikinichoma kifua nikipiga kelele, na pale pa kelele mimi hupiga kelele yenyewe, siwezi kuisimulia bila kuipiga. Niliipiga. Mgeni akacheka hoi. Nilipogeuka, dirisha la binti yangu lilikuwa na taa.

Ilikuwa saa tano kasoro. Taa ile haikuzimwa tena mpaka alfajiri.

Alikuja akagonga, tena taratibu. "Baba, shikamoo." Ilikuwa ile sauti ya chini ya godoro, ya zile siku tisa. Jioni akauchukua mto wake.

"Baba, nitalala kule mpaka mtihani uishe. Usikasirike."

"Nani kakasirika?"

Nilikuwa nimemkasirikia mtu wa pikapu, na samaki wake, na mwanyumba ambaye hakuwepo hata. Nilikasirikia mto. Mdomo wangu ndio uliomtoa mtoto nyumbani, hilo sikuhitaji kuambiwa, na kwa hiyo mchana wa kesho yake nilikwenda kugombana na mtu mwingine.

Nilimkuta msikitini anajaza pipa la maji ya kutawadhia, ndoo kwa ndoo.

"Mwanyumba," nikamwambia, "umenichukulia mtoto."

Akaweka ndoo chini. "Nimempeleka wapi? Anakula kwako, anavaa vyako, ada unalipa wewe. Kwangu analala tu."

"Na shikamoo?"

"Shikamoo gani?"

Ikabidi nieleze. Mtu mzima, mwenye majokofu kumi na manne, nimesimama kwenye maji ya kutawadhia naeleza habari ya kucha mbili mlangoni. Nilitegemea acheke, nipate sababu. Hakucheka. Akakaa kizingitini, kando ya ndoo zake.

"Mimi," akasema, "miaka yote hii naamka gizani, nawaita watu. Hakuna aliyewahi kuniambia neno kabla sijapanda kuadhini. Mke wangu mwenyewe anakuwa amelala. Sasa natafuta viatu, nasikia 'baba mkubwa, shikamoo.' Unataka nimwambie mtoto anyamaze?"

Niliondoka. Ningekuwa nimepigwa ningejua la kufanya. Wivu haukupungua, msidhani. Ulikuwa palepale, ila sasa niliona haya kuwa nao.

Asubuhi ya mtihani niliamka kabla ya adhana. Kulala sikulala. Nikavaa kanzu, nikaenda msikitini Alfajiri, jambo ambalo, Mungu anisamehe, nilikuwa nalifanya Ramadhani tu. Mwanyumba alikuwa ndiyo anashuka kwenye kipaza sauti.

"Mwanyumba! Umepotea njia?"

"Nimekuja kusali."

"Karibu. Safu ya kwanza iko wazi."

Tuliposali tukatoka pamoja kwenda kwake kumuaga mtoto. Njiani nikawa napiga hesabu zangu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita au saba. Mtoto mwenye adabu, tukisimama wawili, ataanza na mkubwa. Na zaidi ya hapo ameshamwamkia tangu saa kumi na nusu. Kwa hiyo leo, siku ambayo mwanangu anakwenda kukaa kwenye mtihani ambao mimi sikuukaribia hata kwa ndoto, nitakuwa wa pili nikijitahidi sana.

Mwanyumba akasema bila kunitazama, "Leo nimetoka mapema. Nimepitia uani, kimyakimya, asinisikie. Sijaamkiwa na mtu."

Tulipofika uchochoroni kwake akasimama, akasema kiatu kimeingia mchanga, akainama. Alikuwa bado ameinama mimi nilipofika mlangoni. Binti yangu akatoka, sare imepigwa pasi, kalamu ndani ya mfuko wa nailoni, na macho meupe ya mtu aliyelala usiku wote.

"Baba! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikamnyoosha kola iliyokuwa imeshanyooka. Mchanga ukaisha kwenye kiatu cha mwanyumba.

Mitihani ilikwenda majuma kadhaa. Jioni ya karatasi ya mwisho binti alirudi nyumbani na mto, na godoro la inchi nane likarudi kwenye guta. Hakula. Alijitupa juu yake saa moja na nusu, majokofu yakinguruma. Nikafunga geti kwa mkono wangu. Nilikwenda kulala nikijua kesho alfajiri ni yangu.

Adhana ikalia. Nikakaa kitandani nimejiandaa. Hakuna ukucha. Kukapambazuka, hakuna. Mke wangu akachungulia chumbani kwake, akarudi. "Kalala kama gogo. Ole wako umwamshe."

Sikumwamsha. Nilitoka nikakaa barazani kuwazuia watu wa barafu. Wa kwanza kufika hakuwa wa barafu. Alikuwa mwanyumba, na kanzu yake ile ya pili.

"Ameamka?" akauliza.

"Bado."

"Nilikuwa napita tu," akasema, akakaa.

Msikiti uko upande wa pili kabisa, na kwangu si njiani pa kwenda popote. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mlangoni. Asubuhi ile alikuwa ametafuta viatu vyake kwenye ukumbi mtupu, nami nikaujua ule uso, maana nilikuwa nimetembea nao miezi miwili. Nikamwambia mke wangu alete chai ya watu wawili.

Tulikaa. Wavuvi wakija, mimi nanyanyua kidole mdomoni, yeye anawanong'oneza wapitie nyuma. Saa moja ikapita, saa mbili. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake atabaki. Mmoja wa wale watu wa baraza akapita akatuona tumekaa bega kwa bega tunautazama mlango, akauliza kuna msiba? Tukamwambia, "Shh."

Saa nne na nusu asubuhi, nami niliitazama saa kwa makusudi, mlango ukafunguka. Saa ileile ya kwenye karatasi, niliyoikata. Binti akatoka, nywele zimesimama, alama ya mto shavuni. Akatukuta. Akanitazama mimi, akamtazama baba yake mkubwa, akanitazama mimi tena. Mtoto huyu ana akili, mwalimu alisema.

"Shikamooni, baba zangu."

Tukaitikia.

Alifaulu, hilo mtaa mzima unalijua kwa kuwa nimewaambia mwenyewe. Sasa yuko mbali, kidato cha tano, bweni. Mimi nalala saa mbili na nusu, na nikikosa usingizi najisimulia kimoyomoyo habari ya deli, na siku hizi sifiki kwenye mnyororo. Mwanyumba naye hushikilia mpaka leo kwamba asubuhi ile marahaba zetu zilitoka pamoja. Nilikuwepo. Yangu ilitangulia.